Kijana Kafungwa Mchezoni, Shabiki Ufanye Nini?

Hotuba iliyotolewa na mmoja wa makocha kwenye mkutano wa mashabiki wa mpira wa kikapu, Mtwara. Tunaiweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Mtwara! (Kuchele!) Nimesema Mtwara! (Kuchele!)

Asanteni sana. Wazee mliokaa mbele, shikamooni. Walimu, wazazi, mashabiki wa Mikindani, Naliendele, Chikongola na Shangani, na wageni wetu mliopanda basi alfajiri kutoka Lindi, karibuni. Vijana mlioparamia ukuta kule nyuma, teremkeni mkae chini, fundi hajaumaliza ule.

Tumeitana kwa ajili ya kijana wetu. Jina sitalitaja. Mnalijua, na wiki hii limetajwa mno, tena si kwa uzuri. Ana miaka 17. Alikwenda Dar es Salaam na wenzake, wakala kipigo cha mbwa mwizi, tofauti ya pointi ikapita 30. Yeye ndiye mchezeshaji wa timu, yaani anayepandisha mpira na kuwagawia wenzake. Mipira ilimpotea mkononi, mitupo huru, ile ya baada ya faulo, ilimkataa, na mtupo wake mmoja wa mbali haukugusa rimu, lile duara la chuma la kikapu, haukugusa ubao, haukugusa hata uzi wa wavu. Basi lao halijafika Daraja la Mkapa likirudi, klipu ya mtupo ule ilishazunguka mji mzima, imewekewa na muziki.

Nani aliirusha? Sitauliza. Nani aliicheka? Sitauliza, maana tutalala hapa. Swali langu ni moja. Kati yetu sote tulioitazama ile klipu, mara moja, mara mbili, mara kumi, ni wangapi tunajua kwa nini mpira ule haukufika?

Mbona kimya?

Basi hicho ndicho nilichokuja nacho. Kuna wanaomcheka hawajui kilichotokea, na kuna wanaomwonea huruma hawajui kilichotokea, na wote hao hawamsaidii. Sisi wa benchi tumeutazama mchezo ule wote, si klipu, mchezo wote. Nitawaeleza tulichokiona, kisha nitawaeleza kazi yenu. Maana mnayo kazi, na sehemu ya kipigo kile ilianzia hapahapa kwetu.

Tuanze na miguu.

Watu wengi wanadhani mpira wa kikapu unatupwa kwa mkono. Mkono unaelekeza tu. Nguvu inatoka chini: goti linakunjwa, kiuno kinapanda, bega linafuata, kiwiko kinanyooka, mwisho kabisa kifundo cha mkono kinapinda na vidole vinausukuma mpira. Mstari wa pointi 3 uko mita 6.75 kutoka chini ya kikapu. Rimu iko juu mita 3.05. Kijana wa kilo sitini na kitu hawezi kuufikisha mpira kule kwa bega peke yake, tena robo ya nne. Miguu ikichoka, goti halikunjwi, mpira unapaa chini chini, unakatika njiani.

Kwa hiyo ukiwa umekaa jukwaani, jifunze kusoma. Mpira ukipungukia mbele ya rimu mara kwa mara, tazama miguu. Mpira ukienda kushoto au kulia, tazama kiwiko kimetoka nje, au ule mkono wa pembeni unausukuma badala ya kuushika tu. Mpira ukizidi na kugonga ubao kwa nguvu, mara nyingi mtu ana haraka. Makosa ya kijana wetu siku ile yalikuwa ya aina gani? Karibu yote mpira ulipungua. Yote mbele. Ile klipu yenu ilikuwa inaonyesha miguu iliyokufa, na hamkuiona kwa sababu ya muziki.

Miguu ilikufa wapi? Ilikufa kwenye basi. Mtwara mpaka Dar es Salaam ni kilomita 560 hivi. Timu iliondoka asubuhi, magoti yamegusa siti ya mbele kutwa nzima, wakala chipsi njiani, wakafika usiku, wakalala wawili wawili kitanda kimoja, kesho yake asubuhi wakaingia uwanjani. Kisha mchezo wenyewe, robo 4 za dakika 10, na yeye akatolewa mara moja tu kwa sababu hatuna mchezeshaji wa pili. Wenyeji wao walilala kwao.

Niwape kisa. Tarehe 12 Mei 1997, Los Angeles Lakers walikuwa Salt Lake City wanacheza na Utah Jazz. Wakifungwa wanatoka mashindanoni. Shaquille O'Neal, mkubwa wa timu, alishatolewa kwa faulo. Mpira ukaangukia mikononi mwa kijana wa miaka 18, mwaka wake wa kwanza NBA, ile ligi kubwa ya kikapu ya Marekani, Kobe Bryant. Mtupo wa mwisho wa muda wa kawaida, ukapita hewani. Wakaingia dakika 5 za nyongeza. Akatupa, hewani. Akatupa, hewani. Akatupa tena, hewani. Minne! Haikugusa kitu, Marekani nzima inatazama. Lakers wakafunga virago.

Baadaye Kobe mwenyewe alieleza sababu, na hakusema woga. Alisema miguu. Alitoka kucheza sekondari, michezo 35 hivi kwa msimu, akaingia ligi yenye michezo 82, mwili ukaishiwa. Akaenda akabadilisha mazoezi yake ya nguvu ili miguu ifike mwisho wa msimu ikiwa hai. Na Shaquille alisemaje? Alisema yule kijana ndiye pekee aliyekuwa na ujasiri wa kutupa mitupo ile. Mkubwa wa timu alimsimamia mdogo mbele ya dunia. Mwaka 2000 wote wawili walikuwa mabingwa. Na mchezo wa mwisho wa maisha yake ya uchezaji, Aprili 2016, Kobe alifunga pointi 60. Aliwafunga akina nani? Utah haohao!

Sasa turudi kwetu, kwa sababu sisi hatuna michezo 82, tuna basi. Mlichanga fedha kabla ya safari. Zilinunua nini? Fulana, mavuvuzela na usafiri wa wapiga ngoma. Mimi sina ugomvi na fulana, hata mimi naitaka, saizi kubwa. Lakini fedha ileile ingelaza timu usiku mmoja zaidi. Safari ijayo tunaomba hivi: timu ifike siku 2 kabla ya mchezo. Kila basi linaposimama, wachezaji washuke watembee, wasibaki wamekaa. Maji wanywe kidogo kidogo tangu asubuhi, na dalili ya kutosha ni mkojo kuwa mweupe au wa njano hafifu. Wakifika, nusu saa ya kutupa mpira polepole kwenye uwanja watakaochezea, basi, wakalale. Siku ya mchezo wale saa 3 kabla: wali au ugali, samaki, mboga, mafuta kidogo. Saa moja kabla, ndizi mbivu moja au mbili. Kunde na maharage tuziache mpaka baada ya mchezo, sababu mnaijua, tusiwape wapinzani silaha.

Na korosho pia baada ya mchezo, mama zangu. Najua mnawafungia kwa upendo. Zina mafuta mengi, zinakaa tumboni.

La pili ni ile mipira aliyoipoteza. Hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi, maana hapa ndipo anapoonewa.

Sheria inasema timu ikipata mpira nyuma kwake ina sekunde 8 kuvuka mstari wa kati. Ikishavuka, hairuhusiwi kurudi nyuma na mpira. Wapinzani walitubana uwanja mzima. Walikuwa wanamwacha kijana apande na mpira pembeni, wanamwacha kabisa, kama vile hawamtaki. Akivuka tu mstari wa kati, hatua moja au mbili, wanakuja wawili. Mmoja mbele, mmoja ubavuni. Sasa chora kichwani mwako. Mbele yuko mtu. Ubavuni yuko mtu. Upande wa pili ni mstari wa nje. Nyuma ni mstari wa kati ambao haruhusiwi kuurudia. Amefungiwa chumbani. Atatokaje?

Anatoka kwa njia mbili. Ya kwanza ni yake: asivuke kule pembeni. Akiwaona wawili wanaanza kusogea, adunde mpira akirudi nyuma mara mbili, uso ukiwa mbele, awavute, kisha apitishe pasi katikati kabla hawajamfikia. Hilo hakulifanya na tumeanza kulifanyia kazi. Njia ya pili ni ya wenzake: lazima awepo mtu katikati ya uwanja mikono iko juu, na mwingine juu ya mstari uleule wa pembeni, mita nne au tano mbele yake, na mwingine nyuma kidogo ya mpira kabla haujavuka. Watu watatu wa kupasia. Siku ile walikuwa wapi? Wote wanne walishakimbilia chini ya kikapu, wamesimama, wanamtazama.

Kwa nini walimtazama? Ah, ndugu zangu. Hapa tuulizane polepole. Tukicheza hapa nyumbani, jukwaa huwa linaimba nini? "Mpe yeye! Mpe yeye!" Mwaka mzima tumeimba mpe yeye. Watoto wanasikia. Wakampa yeye, wakakaa pembeni wakamwangalia kama na wao ni mashabiki. Kwa timu za hapa inatosha, anapita katikati ya watu, tunashangilia, tunakwenda nyumbani. Dar es Salaam walituletea watu wawili juu yake, na wimbo wetu ukatugeukia.

Sisemi jukwaa ndilo lililopoteza mipira. Makocha tulipaswa kulirekebisha mapema. Nasema kelele inafundisha. Mtoto anafanya kile kinachoshangiliwa. Kwa hiyo shangilieni pasi. Shangilieni mtu aliyekimbia katikati akainua mkono hata kama hakupewa mpira. Shangilieni anayejitupa chini kuufuata mpira. Mwanzoni mtajisikia wajinga, kwa sababu kwenye soka tumezoea kushangilia goli. Mtazoea.

Hata wakubwa hili liliwapata. Michezo ya Olimpiki Athens, mwaka 2004, Marekani waliingia na majina mazito, mchezo wa kwanza wakafungwa na Puerto Rico 92 kwa 73. Puerto Rico, kisiwa! Wakamaliza na shaba. LeBron James alikuwemo, ana miaka 19, akikaa benchi muda mwingi. Waliporudi hawakutafuta jina kubwa zaidi. Walianza kutaka wachezaji wajifunge kukaa na timu miaka kadhaa ili wazoeane. Mwaka 2008 wakachukua dhahabu Beijing, na LeBron yumo.

Sasa midomo yetu.

Mtwara na Lindi ni nchi ya utani, na utani una adabu zake. Mtani anakutania uso kwa uso, na wewe unamrudishia, na msiba ukikupata ndiye anayeshika sufuria. Kuweka klipu ya mtoto wa miaka 17 kwenye stetasi, watu mia mbili waitazame, yeye hana pa kujibia, huo si utani tunaoujua. Kijana akitoka jando anapokewa kwa ngoma, khanga zinatandikwa njiani. Nani amewahi kusimama mbele ya watu akamuuliza, ulilia au hukulia?

Niwaeleze saa 48 za kwanza baada ya kipigo zinatakiwa ziweje, maana wazazi mmeniuliza sana.

Anapofika stendi, mpokeeni wachache. Mzazi, ndugu, rafiki mmoja. Msimpeleke na msafara wa pikipiki kumfariji, anataka kupotea machoni pa watu, si kuongozwa. Ndani ya bajaji msiuongelee mchezo. Akiuanzisha yeye, msikilizeni, msimkatize na ufundi. Swali la "ilikuwaje?" liacheni, kwa sababu jibu lake ni kuukumbuka mchezo wote upya mbele yako. Ukikosa la kusema, sema ukweli mfupi: nilikuona, umechoka, kula. Kisha ale chakula cha kueleweka, alale. Umri ule unahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi, na simu ikae chumba kingine, si chini ya mto.

Akiwa ameteguka kifundo cha mguu, na hili linatokea sana, msikimbilie kumkanda kwa maji ya moto na mafuta siku hiyohiyo. Moto unaongeza uvimbe. Siku mbili za kwanza ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20 kwa mara, bendeji isiyokaza sana, na mguu uinuliwe juu ya mto. Kama hawezi kuukanyagia hatua nne, apelekwe hospitali ya Ligula akapigwe picha.

Mkanda wa mchezo asiutazame peke yake usiku. Siku ya tatu au ya nne atautazama na kocha, vipande vichache, na tunaanza na alivyofanya vizuri, kwa sababu vipo. Katika mchezo ule kuna pasi aliyoitoa robo ya pili, kwa mkono wa kushoto, kati ya mabeki wawili, ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyeiweka kwenye stetasi.

Kitu kimoja zaidi hapa, kizito kidogo. Kununa siku tatu nne ni kawaida. Lakini wiki mbili zikipita kijana halali, hali, haji mazoezini, au anatoa maneno ya kuichoka dunia, hilo halihusiani tena na kikapu. Mzazi, mwambie mwalimu, na mpeleke hospitali azungumze na mtaalamu. Msisubiri mechi ijayo.

Na wale mnaotaka kumtetea kwa kusema refa alituonea? Nawaomba muache. Refa hakutuonea, pengo la pointi 30 halina refa. Ukimpa kijana sababu ya uongo leo, kesho hatafanya mazoezi ya sababu ya kweli. Tena mnapomtukana refa kutoka jukwaani, watoto wanaiga, anayeiga ndani ya uwanja anapewa faulo ya kiufundi. Wapinzani wanapata mtupo huru wa bure, na kwake inahesabiwa katika zile faulo 5 zinazomtoa mchezaji. Akipata mbili za namna hiyo, anatoka nje ya mchezo.

Kuna kisa cha mtu wa kwetu kabisa. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, mita 2.21, alianza kucheza kikapu amechelewa, akiwa na miaka 15 hivi. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua. Alikuwa wa 2 kati ya wote walioingia NBA mwaka ule, na Mtanzania wa kwanza kufika huko. Februari 2010, msimu wa kwanza haujaisha, wakampeleka ligi ya chini apate dakika za kucheza. Wa 3 katika orodha ileile alikuwa James Harden. Wa 7 alikuwa Stephen Curry. Hao wawili wakaja kuwa nyota wakubwa. Mnaona kilichofuata? Mpaka leo jina lake likitajwa, mtu haulizi alifikaje kule katika muda mfupi namna ile, anauliza kwa nini hakuwa Curry. Mtu aliyeruka ukuta anaulizwa kwa nini hakuruka mnazi.

Kijana wetu ameshaanza kulinganishwa. Kabla ya safari mlimwita jina la mchezaji wa Marekani, silirudii. Baada ya safari jina lilelile mkalitumia kumkebehi. Mwiteni jina lake.

La mwisho ndilo lenye kazi nyingi, nalo ni mitupo huru.

Mtupo huru ni mita 4.6 kutoka uso wa ubao, hakuna anayekuzuia, una sekunde 5. Rimu ina upana wa sentimita 45 kwa ndani, mpira una 24 hivi. Karibu mipira miwili inapita ubavu kwa ubavu. Sasa kwa nini anakosa?

Miguu tumeshaisema. Kuna sababu ya pili, na wiki hii tulikwenda na futi kuihakiki. Rimu ya upande wa baharini pale uwanjani kwetu haiko mita 3.05. Imeshuka mbele, karibu vidole vitatu, na imelala kidogo kushoto. Chumvi ya bahari imekula bolti, na vijana mnaning'inia mkimaliza kufunga. Wavu hakuna tangu masika, na bila wavu jicho linakosa pa kulenga. Mstari wa mtupo huru ulipakwa upya na mtu mwenye moyo mzuri na macho mabovu, uko karibu zaidi kuliko inavyotakiwa. Kijana ametupa maelfu ya mipira kwenye rimu iliyoshuka, kutoka mstari wa uongo, mbele ya ubao wa mbao. Akaenda kutupa kwenye rimu iliyo sawa, mstari wa kweli, ubao wa kioo ndani ya ukumbi. Mkono wake ulifanya kile tulichoufundisha. Tulimfundisha uwanja mbovu.

Hili tunaweza kulimaliza wenyewe. Ngazi ndefu moja. Futi ya chuma. Mpira wa maji, ule mrefu unaoonyesha maji ndani wanaotumia mafundi ujenzi kupima usawa. Timazi. Spana, bolti mpya zilizopakwa zinki, grisi. Tunapima urefu kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa rimu, mbele, kushoto na kulia, vyote vitatu vitoe 3.05. Tusipime mbele tu. Kisha tunashusha timazi kutoka uso wa ubao hadi chini, tunaweka alama, na kutoka alama ile tunapima mita 4.6 kuja uwanjani. Pale ndipo ukingo wa mstari ulio mbali na ubao. Tunaupaka rangi ya barabara, upana sentimita 5, saruji ikiwa imefagiwa na kukauka, tukipaka penye mchanga rangi inabanduka kwa mvua ya kwanza. Mwishoni wavu. Ukikosekana wa dukani, wavuvi wetu wa Mikindani wanasuka nyuzi za nailoni vizuri kuliko kiwanda.

Mipira pia. Ule uliobaki umekuwa laini kama embe, mistari imefutika. Wa wanaume ni namba 7, wa wasichana ni namba 6, msinunue wa namba 5 kwa sababu ni rahisi. Kuupima upepo, uachie kutoka usawa wa kichwa cha mtu mzima. Urudi kiunoni au juu kidogo. Ukiishia magotini, ongeza upepo, na sindano iloweshe kwanza, ukiiingiza kavu unapasua vali.

Baada ya hapo nawahitaji ninyi wenyewe, na makelele yenu.

Mwaka 2021 Giannis Antetokounmpo wa Milwaukee Bucks alikuwa na ugonjwa wa mitupo huru. Alikuwa anachukua muda mrefu mno kujiandaa, na mashabiki wa ugenini wakawa wanamhesabia kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Ukumbi mzima unamhesabia mtu! Anakosa, wanacheka. Na huyu alikuwa ameshaaibishwa: 2019 alikuwa mbele ya Toronto michezo 2 kwa 0 akafungwa minne mfululizo, 2020 akatolewa na Miami 4 kwa 1. Basi fainali ya 2021, mchezo wa sita, nyumbani kwake, alifunga pointi 50. Mitupo huru alipata 17 kati ya 19. Milwaukee wakatwaa ubingwa, mara ya kwanza tangu 1971.

Alikuwa na utaratibu wake, hata kama walimcheka. Na sisi kijana tumempa wa kwake: miguu upana wa mabega, anadunda mara tatu, anavuta pumzi na kuitoa, anautazama ukingo wa nyuma wa rimu, anatupa, na mkono unabaki juu mpaka mpira utue. Uleule, kila mara. Anakimbia kwanza, kwenda na kurudi uwanja mzima mara mbili, ndipo anatupa miwili tu, kama kwenye mchezo. Anakimbia tena. Mizunguko 10, mitupo 20. Mwenzake anaandika kwenye daftari, si yeye mwenyewe. Akifika 14 amechoka namna ile, tutakuwa tumefika pazuri.

Ninachotaka ni ninyi mje Jumatano jioni mkae nyuma ya ubao, mumhesabie. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Mpige mavuvuzela mliyonunua. Mumsumbue hasa. Siku ya mchezo kwetu, akienda kwenye mstari, jukwaa zima linyamaze, hata muuza karanga. Akienda mpinzani, mnaruhusiwa kuamka.

Jumamosi ni kazi ya uwanja. Tunaanza saa 1 asubuhi kabla jua halijapanda, kwa sababu kufikia saa 4 saruji ile haikanyagiki. Ngazi tumeahidiwa. Timazi tunayo. Tunakosa mpira wa maji, spana namba 19, na mtu mmoja asiyeogopa kupanda juu. Mwenye rangi iliyobaki nyumbani ailete, nyeupe au njano, ya mafuta ya kuta hapana, inateleza.

Haya, maswali. Tuanze na yule mama aliyenyoosha mkono tangu niliposema habari za korosho.